Sikio Nalo Hupiga Hodi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Wazee wenzangu wakitaka kuwausia vijana huanza kwa kuungama: nilikosa hili, nikaadhibiwa kwa lile, nanyi msifanye kama mimi. Mimi nina makosa yangu na Mungu anayajua, lakini leo siyataji. Leo nakusimulia siku niliyofanya jambo sawasawa, na sioni haya kujisifu. Kwa umri huu nisipojisifu mwenyewe, nani atanisifu, na walioniona siku ile wote wametangulia?

Nimekutazama tangu jana unavyonuna. Wenzako walikucheka ulipotaka kusema Kiingereza mbele ya wageni, ulimi ukakwama, na hali wewe ndiye unayekisoma vitabuni kuliko wao wote. Ukaapa hutakisema tena. Nikasema moyoni, huyu hajapata kusikia habari ya mjomba wangu Yeremia. Basi kaa vizuri, na hiyo simu iweke kando kidogo.

Mimi nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge nje ya Pangani. Baba yangu alikuwa mtu wa Pangani mjini, akifanya kazi kwenye mashine ya kuchambulia nyuzi. Mama yangu alikuwa Msambaa, aliyeshuka kutoka milimani upande wa Bumbuli. Walikutana, akasilimu, wakaoana. Kaka yake, ndiye huyo mjomba Yeremia, alikuwa Mlutheri wa kanisani hasa, na ndoa ile haikumpendeza hata kidogo. Ndugu hao wawili walitoleana maneno mazito, mama akaondoka kwao bila kuagwa.

Kambini tulikuwa watu wa kila namna. Kulikuwa na Wamakonde, Wanyamwezi, Waha, Wabena, na kila nyumba ilikuwa na lugha yake ya kugombana na ya kubembelezea watoto. Nje ya nyumba Kiswahili ndicho kilichotuweka pamoja. Ila ndani ya chumba chetu mama alisema nami Kisambaa tu. Yeye ananisemesha kwa lugha ya kwao, mimi namjibu kwa Kiswahili, wala hanigombezi. Akisema lete ungo, naleta. Akisimulia habari za kwao, nacheka panapochekesha na naogopa panapotisha. Sikuwahi kumjibu hata neno moja la Kisambaa, kwa kuwa haikutokea siku iliyonilazimu. Nikakua hivyo, lugha mbili masikioni na moja ulimini, nikidhani watoto wote wako vile.

Mama alifariki ningali mtoto wa kung'oka meno. Baba naye hakukaa sana baada yake. Nikalelewa Pangani mjini na mama yake baba, Bibi Mize, Mungu amlaze pema. Huko Kisambaa nilikisikia sokoni tu, walipokuja akina mama wa milimani na maharage yao. Nikipita karibu nilifahamu kila walichosema, hata masengenyo. Wakinigeukia na kunisemesha, ulimi ulikuwa mzito, nikitoa neno linatoka limepinda, wanacheka, nami naondoka na kikapu changu. Unaona sasa kwa nini nakuambia najua kinachokuuma.

Na nyumba yetu yenyewe, mwanangu, ilikuwa darasa la mambo hayo. Bibi Mize alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko umelala vizuri kama mkeka uliosukwa na fundi. Akapita bwana mmoja wa elimu ya watu wazima, akamwonyesha ubao wa a, e, i, o, u, bibi akasema hizi siye hatukuzisoma, yule bwana akaenda zake akidhani kwamba bibi huyu hajui kusoma. Bibi alicheka mpaka ukaya ukamwanguka kichwani. Mimi nilihitimu Kurani chuoni, nasoma Kiarabu kama maji yanavyoteremka, na ungeniuliza mstari mmoja una maana gani ningekutazama tu. Na yule aliyekuja kuwa babu yako, Salimu wa Ushongo, aliyekuwa akianika mbata za nazi kule ng'ambo ya mto, alizungumza Kihindi na wenye maduka kwa utani na kubembeleza bei, wakimcheka na wakimpenda, lakini umwandikie jina lake kwa herufi zozote uzijuazo asingelitambua. Sasa msomi alikuwa nani na mjinga nani? Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ndiyo maana wahenga wakasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ulimi ni mlango tu.

Huyo Salimu ndiye aliyenileta kwenye siku yangu.

Alinipenda, nami nilimpenda, na mimi sioni haya kusema hivyo ingawa wakati wetu msichana alitakiwa ajifanye hajui kitu. Watu wake walileta posa. Kisheria walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha, alikuwa baba mdogo, naye alikuwa tayari. Mambo yangekwisha wiki ileile. Lakini Bibi Mize akaweka mguu mlangoni. Akasema ndoa ya mtoto huyu haifungwi mpaka mjomba wake ashuke kutoka milimani atoe radhi.

Watu wakashangaa. Mjomba Yeremia hakupata kufika kwetu tangu msiba wa mama. Hakuleta salamu wala hakujibu salamu. Shangazi yangu Rukia, dada yake baba, mwanamke mwenye akili nyepesi na ulimi mwepesi zaidi, akasema huyo ni wa dini nyingine, hana la kutoa wala la kuzuia, kumwita ni kuita maneno. Bibi akamjibu: "Tulimzika dada yake naye hayupo. Hatumwozi mwana wa dada yake naye hayupo."

Ikaisha. Neno la Bibi Mize halikuwa na rufaa. Salamu zikapelekwa mara ya kwanza, mara ya pili, na huku watu wa Salimu wanaanza kuchoka kungoja. Nikasikia mama yake ameshataja binti mwingine palepale Ushongo, mtoto wa jirani, asiye na wajomba milimani. Nilikonda. Usiku silali, mchana naunguza wali. Hatimaye likaja jibu kwamba mjomba atashuka, na kwamba atafuatana na mzee wa kumtafsiria, maana yeye Kiswahili hakisemi.

Hapo Shangazi Rukia akapata shauri. Alinivuta uani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mungu ametupa silaha. Wageni watasemezana kwa lugha yao mbele yetu wakidhani hatusikii. Mimi nisikie. Nipite na kahawa, nipite na maji ya kunawa, nisionyeshe kitu usoni, kila nitakachokipata nimletee yeye jikoni. Tukijua mapema kwamba mjomba anakataa, baba mdogo aifunge ndoa jioni hiyohiyo kabla hajalitamka neno la kukataa, na akishalitamka atakuwa amechelewa. Akaniambia, "Weye kuwa masikio yetu tu, mengine niachie miye."

Mwanangu, lilikuwa shauri zuri. Sikudanganyi, nililipenda.

Lakini Bibi Mize alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, akichambua mchele, na masikio yake hayakuwa yamezeeka. Hakupandisha sauti. Akamwita Rukia kwa jina, akamwambia: "Unamfundisha mtoto wizi. Mtu akisema lugha yake akiamini humsikii, yuko chumbani mwake, ameshavua hata kanzu. Weye ukiwa unamsikia, umekwisha ingia. Chumbani kwa mtu huingii na sinia ya kahawa ukajifanya ukuta. Hupigi hodi?"

Shangazi akasema, mama, sikio halina mlango, litafanyaje likisikia. Bibi akasema ndiyo, sikio halina mlango, kwa hiyo hodi yake haina budi itoke kinywani. Kisha akanitazama mimi. Nilidhani ataniamuru. Hakuniamuru. Alisema, "Sikio ni lako. Miye lisikialo silijui, siwezi kukuchungia." Akarudi kwenye mchele wake.

Wakaja. Mjomba Yeremia alikuwa mrefu, amevaa koti zito la milimani na joto lile la Pangani, fimbo mkononi, mgongo umenyooka. Mzee Shemweta, jirani yake aliyekuja kutafsiri, alikuwa mfupi mchangamfu, aliyewahi kuishi Muheza na kufanya biashara na watu wa pwani. Nikaenda kuamkia. Nikasema shikamoo mjomba, nikainama. Aliniangalia uso kitambo kirefu, kisha akaniuliza kwa Kisambaa kama namjua. Nilifahamu. Nikafungua kinywa, ulimi ukafanya yale yake ya sokoni, nikabaki natazama sakafu. Mjomba akamgeukia mwenzake, akasema kwa lugha yao kwamba hata ulimi wameumaliza. Kabla sijapata la kufanya, Shangazi Rukia amekwisha nishika mkono, ananirudisha jikoni, amefurahi kwelikweli. Alikuwa ameona mwenyewe kwamba wageni wananihesabu kiziwi.

Wanaume wakakaa ukumbini. Bibi Mize na wanawake wengine wakawa upande wa pili wa pazia. Baba mdogo akasema maneno ya posa, maneno mazuri yaliyopangwa, na mzee Shemweta akayapeleka kwa Kisambaa, akarudisha shukrani kwa Kiswahili. Nikaingia na kahawa.

Ndipo mjomba akamwambia Shemweta, kwa sauti ya kawaida, kama mtu asemaye peke yake na mwenzake njiani. Alisema: waambie tumesikia, tutarudi nyumbani tukashauriane, jibu litakuja. Lakini wewe ujue, ndugu yangu, jibu halitakuja. Watu hawa nilifika kwao nimetembea, vumbi hata machoni, wakaniambia kifo cha dada yangu nikiwa nimesimama mlangoni, kwa maneno ambayo sikuyafahamu mpaka mtu alipolala chini akafumba macho kunionyesha. Wakacheka namna nilivyouliza. Mimi nisiwape hawa mtu wangu mwingine kwa kinywa changu.

Mzee Shemweta akageuka kwa baba mdogo, amejaa tabasamu, akasema wageni wenu wamefurahi sana, wanaomba nafasi wakashauriane na wazee wa nyumbani, jibu jema litakuja, inshallah. Ukumbi mzima ukasema inshallah. Baba mdogo akamiminiwa kahawa. Nyuma ya pazia nikasikia wanawake wanashusha pumzi.

Nimesimama pale na sinia, mimi peke yangu katika nyumba nzima ninajua kwamba tumekataliwa.

Fikiri, mwanangu. Njia ya jikoni iko wazi. Nikienda nikimnong'oneza Shangazi, jioni naolewa na Salimu, Bibi akidhani radhi inakuja, sheria iko upande wetu, na mjomba atajijua na koti lake. Nikisema hapahapa, najitia aibu mbele ya wanaume, namfedhehesha mgeni, na yeye aliyekuwa anakataa kwa adabu atakataa waziwazi, na Bibi hataoza bila radhi, na yule binti wa Ushongo ataanza kupakwa hina. Na bado nilijua nafanya nini. Nilikuwa nimeingia chumbani kwa mtu, nimemkuta na kidonda chake wazi, naye hajui kama nipo.

Nikaweka sinia chini. Nikasema kwa Kiswahili, maana sikuwa na kingine: "Hodi, mjomba. Kusema siwezi, lakini kusikia nasikia. Nimekusikia sasa hivi, na sitaki uendelee usijue."

Shangazi Rukia alikohoa nyuma ya pazia kama aliyepaliwa na pilipili. Mzee Shemweta alikuwa amebaki na tabasamu lake usoni, halina pa kwenda. Mjomba akanitazama tena vile, akaniuliza polepole kwa Kisambaa nimesikia nini.

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimesikia jibu halitakuja, na nimesikia kwa nini.

Baba mdogo akaweka kikombe chini. Mzee Shemweta, maskini, akataka kuokoa shughuli, akaanza kuyageuza maneno yangu ampelekee mjomba. Mjomba akainua mkono kumzuia. Kisha akasema kwa Kiswahili, kizito, kila neno limebebwa peke yake kama mzigo: "Acha. Nimesikia. Nasikia yao yote tangu nilipoingia."

Bibi Mize akacheka nyuma ya pazia. Akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe humu ndani asiye na kazi ni mkalimani tu." Na watu wakacheka, mzee Shemweta akacheka kuliko wote, na hata kwenye uso wa mjomba pakalegea kitu.

Akatueleza, kwa Kisambaa sasa, nami nikamfuata neno kwa neno, na Shemweta akawatafsiria wengine. Alisema alipotoka kule kambini aliapa kwamba hataambiwa tena jambo asilolifahamu. Akachukua kitabu cha kanisani cha Kisambaa na kingine kilekile cha Kiswahili, akaviweka mezani pamoja, akawa anasoma mstari wa huku na mstari wa huku, mvua kwa kiangazi. Alijifunza Kiswahili kwa macho. Kisha watu wa biashara wakipita kwao anakaa pembeni anawasikiliza mpaka masikio yakashika. Lakini kukisema hakukisema, kwa sababu ya kile kicheko cha mlangoni. Alikuwa hajakisamehe.

Ninakuambia hili hasa wewe, uliyeapa jana.

Baada ya hayo akaniuliza, tena kwa lugha yake, kama nilikuwepo mama alipokata roho. Nikasema nilikuwepo. Akauliza, "Alisema nini?" Hayo nayo aliyasema kwa Kisambaa, lakini hapana aliyehitaji mkalimani.

Mwanangu, miaka yote ile hapana aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mtoto msibani hufukuzwa uani akacheze. Nikamwambia mjomba. Homa ilipomzidi mama, Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na cha kwao. Waliomzunguka walikuwa jirani zetu, Mmakonde mmoja na Mnyamwezi mmoja, wanawake wema waliomkanda na kumpepea usiku na mchana, lakini Kisambaa hawakukisikia. Baba alikuwa zamu mashineni. Mama akanishika mkono, mimi niliyekuwa namsikia, akaniambia kwamba kaka yake akija, apewe maji anywe kwanza, akae, ndipo aambiwe. Niliwaambia watu. Lakini kilio kilikuwa kimeanza, na siku ileile nikachukuliwa kuletwa Pangani. Mjomba alipofika kambini mimi sikuwepo, na maji hayakuwepo.

Hayo niliyasema kwa Kiswahili. Mjomba akayarudia kwa Kisambaa, taratibu, kama anayejaribu ufunguo. Nikatikisa kichwa. Maana ndiyo hiyo, lakini mama hakusema vile. Akayapanga upya, akaanza na maji. Nikatikisa kichwa tena. Sikuweza kumtamkia, ulimi wangu ungeyaharibu, hata leo siyatamki. Niliweza kungoja tu. Akafumba macho, akasema tena, na safari hii ikawa chumba chetu cha kambini, ikawa pumzi ya mama shingoni kwangu. Nikasema, "Hayo. Hayo hasa." Nami nikaangua kilio.

Naringa kwa jambo hilo mpaka kesho. Mimi nisiyeweza kununua hata kibaba cha maharage kwa Kisambaa, nilikaa nikamsahihisha Msambaa wa Bumbuli mpaka akapatia. Sikio langu lilikuwa limehifadhi kitu ambacho ulimi wa mtu yeyote duniani haukuwa nacho.

Mjomba alilia, mwanaume mzima, mbele ya watu. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Nikasikia pazia linasogea. Bibi Mize alikuwa ameinuka mwenyewe, na magoti yake yale, amekataa kusaidiwa, amechota maji ya mtungini kwenye bilauri. Alipita katikati ya wanaume, akamfikia mjomba, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili. "Kunywa kwanza, mwanangu," alisema. "Tumekuchelewesha mno."

Mjomba akanywa yote. Bibi akangoja mpaka bilauri imerudi mkononi mwake, akangoja mpaka mjomba ameegemea vizuri. Kisha akamwambia, kwa sauti ya chini, kama vile habari ndiyo imefika asubuhi ile: "Dada yako hatunaye."

Naye mjomba Yeremia akajibu kwa Kiswahili: "Nimesikia, mama."

Radhi aliitoa baada ya sala ya alasiri, kwa lugha zote mbili, na kile Kiswahili chake kizito hakuna aliyekicheka, wala nadhani katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kusikia Kiswahili kizuri zaidi. Salimu nikampata. Shangazi Rukia akajidai ni yeye aliyeniambia niingie na kahawa, jambo ambalo si uwongo. Na mjomba akawa mtu wa kushuka kila mwaka. Tulikaa barazani mpaka alipozeeka kabisa, yeye akisema Kisambaa, mimi Kiswahili, wapita njia wakidhani kila mtu anazungumza na jini lake. Tulielewana kuliko watu wengi wenye lugha moja na nyumba moja.

Sasa nisikilize, ndiyo nasaha yangu hii. Mungu hakumgawia kila mtu lugha kwa kipimo kimoja. Mmoja amepewa kusikia, mwingine kusoma, mwingine kusema kama kasuku asijue hata herufi, na yupo wa kusoma tu kwa sauti nzuri asielewe, naye ana thawabu zake. Usimdharau mtu kwa alichokosa kabla hujajua alichonacho. Usijidharau na wewe. Hicho Kiingereza chako cha macho ni chako, umekipata kwa jasho, kitaje bila haya: nakisoma, kusema bado. Wakicheka, waache wacheke, na wewe usiache kusema, kwa maana mjomba wangu aliacha, na kuacha huko kulimnyima mazungumzo na sisi miaka mingi ambayo hairudi. Na siku ukiwa wewe ndiye mwenye kusema vizuri, na mwenzako anahangaika mlangoni na neno lake, funga hicho kicheko. Hujui amekuja kuuliza nini.

La mwisho, na hili ndilo kubwa. Mahali popote watu wanaposema lugha unayoisikia, nao hawajui, wape habari. Basini, kazini, ukweni, popote. Sema kusikia nasikia. Utapungukiwa na umbea, ndiyo, na pengine utapoteza hila fulani iliyokuwa tayari mkononi. Utapata watu. Mimi niliacha hila moja nikapata mjomba mzima na radhi yake, na mume niliyemtaka, na nyinyi nyote mnaonisumbua humu ndani mmetokana na siku ile.

Haya, inuka, ukaoge, na hao wageni wakija tena utoke ukawaamkie kwa hichohicho Kiingereza chako. Mola akufungulie kinywa kwa wakati wake, akulindie sikio lako lisiwe na hila, akupe macho ya kusoma kilichoandikwa na moyo wa kuelewa kisichoandikwa. Ukiwa ugenini na huzuni yako, akuwekee hapo mtu wa kukusikia, awe wa lugha yoyote. Amina, mwanangu, nami nimekuridhia.